Amplifaya kwa Kaka, Spika kwa Dada

Karakana ya Punguza zamani ilikuwa bucha. Vigae vyeupe bado vimeshika ukutani mpaka usawa wa bega, na zile kulabu zilizokuwa zikining'iniza mapaja ya ng'ombe sasa zinaning'iniza waya: nyekundu huku, nyeusi kule, na katikati fungu la vipande ambavyo hata mwenyewe hajui vitamfaa nini, ila moyo haumpi kuvitupa. Siku za joto, mteja mwenye pua kali huapa kwamba bado anasikia harufu ya nyama. Punguza humjibu kwamba hiyo ni harufu ya risasi ya kuchomelea waya, na anayetaka maini aende kwingine.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya mumewe. Mumewe ni dereva wa lori la maji, mtu mwenye kifua kipana, na kila asubuhi huimba bafuni kama aliyelipwa. Mkewe alizoea kugonga mlango na kusema, "Punguza, baba, watu wamelala." Kuta za nyumba yao ni nyembamba, majirani wakalidaka neno. Na kwa kuwa kazini nako hakuwahi kuwasha chombo cha mtu kabla ya kuuliza kama sauti imepunguzwa, jina likamkaa kama nguo ya kushonesha. Daktari wa meno alimwita Mama Punguza wakati ameshamfungua mdomo, akashindwa hata kukanusha.

Ufundi hakuurithi kwa mtu. Alipokuwa msichana aliajiriwa kiwandani kusokota koili za transfoma. Walikaa wanawake safu nzima kwenye benchi refu, kila mmoja akiongoza waya wa shaba mwembamba kama unywele, duru juu ya duru, na waliyoyasema wenzake kuhusu kazi ile hayaandikiki. Yeye alitaka kujua koili zile zinakwenda wapi. Msimamizi mmoja mwenye subira alimruhusu kuingia chumba cha majaribio wakati wa mapumziko, naye akawa anakula mkate wake huku macho yakiwa kwenye sindano za mita zikipanda na kushuka. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walitawanyika kutafuta riziki. Yeye akapanga bucha iliyomshinda mwenyewe, akasugua vigae mpaka mikono ikamchubuka, akaweka meza.

Nyuma ya meza hiyo hayuko peke yake. Mama mkwe wake, aliyekula chumvi nyingi na magoti yakamgomea, alihamia kwao miaka ya karibuni. Wiki za mwanzo walimwacha nyumbani apumzike. Akapumzika kwa kupanga upya kabati la jikoni mara tatu, hata chumvi ikapatikana chumbani. Punguza akaona heri amchukue kazini. Akamwekea kiti chenye mto pembeni ya gogo la mchinjaji lililoachwa humo, na hapo bibi akawa anapokea wateja, akiwauliza habari za nyumbani na kusahau kuuliza redio ina nini. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilisikia lilichotaka.

Siku moja asubuhi gari la mikate lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akashuka mwoka mikate wa barabara ya juu, mwanamke mpana wa mabega, kope zake zina unga. Yeye na msaidizi wake wakabeba ndani spika mbili za zamani, ndefu kufika kiunoni, mbao zake za rangi ya kahawa na kitambaa cha kahawia mbele. Zilikuwa nzito kama makabati. Punguza alizipitishia kiganja juu ya mbao, maana vitu kama hivyo siku hizi haviletwi.

Spika zile alikuwa ameachiwa na marehemu baba yake, mwoka mikate alieleza. Mwenyewe alikuwa amenunua amplifaya mpya, ndogo, nzuri, ya kukaa rafuni kama kopo la biskuti, akaunganisha na simu yake. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Kisha siku ya kumpongeza mwanawe kwa kumaliza masomo, nyumba ikajaa, watu wakapiga kelele, naye akazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagota. Sauti ikaanza kukwaruza. Akaiacha ikwaruze, maana wageni walikuwa wanacheza. Kesho yake spika moja ilikuwa imebaki na besi tupu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na ya pili inanguruma kama mbwa aliyekanyagwa.

Kilichomshangaza, alisema, ni kwamba amplifaya yenyewe ni kijitu kidogo tu. Ingewezaje kuangusha majitu kama yale?

Swali hilo Punguza huulizwa kila mwezi na halimchoshi. Watu wote wanaogopa amplifaya kubwa, akamweleza, na ni kweli kubwa ikiachiwa huru inaua. Lakini ndogo nayo inaua, kwa njia yake. Ikilazimishwa kutoa nguvu isizokuwa nazo, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na kile kinachobaki ni umeme mkali unaokwenda moja kwa moja kwenye spika ile ndogo ya juu, twita, ambayo koili yake ni nyembamba kuliko uzi. Inapikwa humo ndani mpaka inakatika. Ukisikia sauti inakwaruza, hapo chombo kinaomba msamaha. Punguza.

"Mimi nilifikiri kinachangamka," alisema mwoka mikate.

Walipofungua vitambaa vya mbele, tabu nyingine ikaonekana. Ule ukingo wa sponji unaoshika koni ya karatasi ulikuwa umeoza kwa uzee. Punguza aliugusa kwa kidole, ukamomonyoka. Mwoka mikate akasema hata keki ya juzi ina afya kuliko hiyo. Nyuma ya sanduku, kwenye kibandiko kilichofifia, palikuwa pameandikwa omu nne. Punguza akampa somo la pili: omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Namba ikiwa ndogo, mlango uko wazi zaidi, na amplifaya inavutwa itoe mkondo mwingi. Ile ndogo ya dukani ilikuwa imeandikwa wazi chini ya tumbo kwamba isipewe spika za chini ya omu sita. Mwoka mikate alikiri hajawahi kuigeuza akaisoma tumbo.

Kazi ile Punguza aliifurahia kama mtu aliyeletewa mgeni wa kupendwa. Alikwangua gundi ya zamani kwa kisu kisicho na makali, akapachika kingo mpya, akaziacha zikauke huku koni zimewekewa vipande vya karatasi ngumu ili zikae katikati. Alibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilizokauka kwenye njia inayogawa sauti ya chini na ya juu. Twita iliyoungua akaitafutia ndugu yake kwenye spika mbovu aliyokuwa ameihifadhi, kisha akazipima zote ili upande mmoja usipige kelele kuliko mwingine. Mwoka mikate alipopita kuangalia maendeleo alileta maandazi, akaketi na bibi, na ndivyo habari za familia zilivyoanza kutoka.

Baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume, alikuwa mpiga chapa. Siku nzima alisimama kati ya mitambo inayopiga kama mvua ya mawe, na jioni alirudi nyumbani masikio yanavuma, anaoga, anaketi kwenye kiti chake na kusikiliza santuri. Alipofariki, baba mdogo ndiye aliyegawa vitu, na alitaka kugawa kwa haki. Basi mtoto wa kike akapewa spika na santuri zote. Mtoto wa kiume akapewa amplifaya na mashine ya kuchezea santuri. Kila mmoja akaona mwenzake kapewa kitu, yeye kapewa samani. Yakasemwa maneno. Tangu hapo yeye na mdogo wake wakikutana sokoni, mmoja huvuka barabara.

"Ni kama kugawa jozi ya viatu," bibi alisema, akimega andazi. Sikio la kulia siku hiyo lilikuwa zima kabisa.

Spika zilikuwa bado zinakauka pale kwenye gogo la mchinjaji wakati kinyozi mmoja alipoingia. Alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, kichwa chake kimenyolewa kikang'aa, na alikuwa amekumbatia amplifaya iliyofungwa kwenye taulo za kinyozi. Aliiweka mezani, meza ikalia. Ilikuwa na uso wa kioo na sindano mbili za kucheza na muziki, vitufe vya chuma, na mgongoni mapezi meusi ya kupoozea joto. Tatizo lake, kinyozi alisema, ni ulafi: inakula fyuzi kama karanga.

Punguza akamuuliza ameiunganisha na nini. Kinyozi akajibu kwa fahari kwamba saluni yake ina spika nne, mbili kila upande, ili mteja asikose muziki hata akigeuzwa kiti. Na zote zinalia pamoja? Zote. Hapo Punguza akaanza kutikisa kichwa. Spika mbili zikipachikwa sambamba kwenye njia moja, omu zake hupungua nusu. Amplifaya inajikuta imefunguliwa milango miwili kwa pamoja, inakimbia huku na huku mpaka inaishiwa pumzi, na fyuzi inakatika ili kuiokoa. Fyuzi haikuwa mgonjwa. Ilikuwa mlinzi.

Ni pale alipoigeuza amplifaya kuangalia nyuma ndipo aliposita. Vishikizo vya waya za spika, vile vya upande wa chanya, vilikuwa vimepakwa alama kwa rangi ya kucha, nyekundu ya kuelekea zambarau. Rangi ileile, ya chupa ileile, alikuwa ameiona kwenye ncha za waya za spika za mwoka mikate, na akacheka kimoyomoyo siku hiyo kwamba mke wa mpiga chapa alichangia mapambo yake ya vidole kwa ajili ya muziki. Akainua macho taratibu. Spika zilikuwa hatua chache kutoka kwa kinyozi, zimefunikwa shuka.

Akauliza kwa sauti ya kawaida amplifaya hii ametoa wapi. Kinyozi akasema ni ya marehemu baba. Kuhusu spika zake hakutaka kusema mengi. Ziko kwa mtu, alisema, akaanza kukunja taulo zake.

Alipoondoka, Punguza alikaa ameshika tama. Alijua mambo ya ndugu yalivyo: ukiingiza mkono unaweza kuutoa umeungua. Jioni akamwambia mumewe, na mumewe akasema arekebishe vyombo, ampe kila mtu chake, afunge mdomo. Punguza akaona hilo ndilo la busara. Aliyekuwa na maoni mengine ni bibi, lakini bibi hakuulizwa.

Kesho yake akaanza na amplifaya. Hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliipitisha kwenye balbu ya zamani ya nyuzi, ili kama kuna kitu kimeshikana ndani, balbu iwake yenyewe badala ya amplifaya kutoa moshi. Balbu iliwaka kwa nguvu kisha ikafifia polepole, na kufifia ndiko alikokuwa anakutaka. Akapima kwenye njia za spika kama kuna umeme unaovuja bila sauti, ule unaoweza kuichoma koili kimyakimya. Hakukuwa na kitu cha kutisha. Akachomelea upya viungo viwili vilivyopasuka, akapuliza vumbi na nywele za wateja wa saluni, akasafisha kitufe cha sauti kilichokuwa kikikohoa.

Kisha akasoma maandishi ya nyuma, akavaa miwani, akasoma tena. Amplifaya ile ilitaka omu nane. Si chini ya hapo. Na spika za mwoka mikate zilikuwa za omu nne.

Jambo hilo lilimkaa kichwani mchana kutwa. Alikuwa amefikiri ni mume na mke hawa, chombo na spika vilivyonunuliwa pamoja, tena pengine vilitoka duka moja. Kumbe tangu mwanzo havikulingana. Mpiga chapa alikuwa ameishi navyo pamoja maisha yake yote, na fyuzi iliyokuwa ndani, kabla ya kinyozi kuanza kuibadilisha, kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa ya asili. Imewezekanaje? Alijaribu kuliacha lakini halikumwachia.

Bibi naye alikuwa na shughuli zake. Mwoka mikate alipopiga simu kuuliza azifuate lini spika, Punguza alikuwa juu ya ngazi, bibi akapokea. Kinyozi alipopita kuuliza, Punguza alikuwa ameenda kununua risasi, bibi akamjibu. Wote wawili wakaambiwa Alhamisi alasiri. Punguza alipokuja kugundua, tayari gari la mikate lilikuwa linarudi kinyumenyume mlangoni na kinyozi anavuka barabara.

"Mama, umewaambia waje pamoja?"

"Nani kafanya vioja?" bibi akauliza kwa upole, akajiweka sawa kwenye mto wake.

Kinyozi alimwona dada yake, akasimama na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mwoka mikate akamwona mdogo wake, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo. Punguza, ambaye hakuwa na maneno ya kusuluhisha ndugu wala hakuwahi kuyahitaji, alishika kile alichokijua. Akaondoa shuka juu ya spika, akasogeza amplifaya katikati ya meza, akasema ana swali la kikazi na anaomba wamsaidie.

Akawaeleza kuhusu omu nane na omu nne. Akasema kwa jinsi vitabu vya ufundi vinavyoelekeza, amplifaya hii ilitakiwa iwe imekufa zamani, kabla kinyozi hajaota ndevu.

"Haiwezekani," alisema kinyozi, akimwangalia fundi tu. "Baba alivitumia pamoja tangu sijazaliwa."

"Ndiyo maana nauliza. Kitufe hiki cha sauti, alikuwa anakifikisha wapi?"

Kaka na dada wakajibu kwa pamoja, bila kutazamana. "Tatu."

Kisha wakatazamana.

Kitufe kilikuwa na namba mpaka kumi. Nyumbani kwao, alieleza mwoka mikate, namba nne haikuwa namba, ilikuwa kosa. Mtu angeweza kuvunja sahani akasamehewa. Lakini ukigusa kile kitufe, baba anakuita kwa jina lako lote pamoja na la babu. Wao waliona ni ukali wa mtu aliyechoshwa na mitambo ya chapa. Kinyozi akadakia kwamba siku moja baba yuko bafuni, yeye akathubutu kufikisha tano. Hakuwahi kujua mtu mzima anaweza kukimbia hivyo na sabuni kichwani. Baba alizima kila kitu, akaketi sakafuni na taulo lake, akaweka kiganja juu ya amplifaya.

"Kama anampima mtoto homa," mwoka mikate alisema.

"Na wewe ulikuwa mlangoni unacheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu ulijificha nyuma ya pazia na miguu yako yote iko nje."

Punguza akauliza kama kuna aliyekuwa akiweka vitu juu yake. Wote wawili wakaanza kusema mara moja. Mama yao alikuwa mfumaji wa vitambaa, kila chombo ndani ya nyumba kilikuwa na kofia yake: redio, birika, hata simu. Amplifaya ilivishwa kitambaa cheupe asubuhi, jioni baba anakivua, asubuhi kimerudi. Walivutana hivyo miaka na miaka bila kusema neno, na watoto waliamini ni mapenzi ya wazee. Kumbe mzee alikuwa anaiachia nafasi ya kupumua.

Basi alikuwa anajua, Punguza aliwaambia. Pengine alivinunua kwa nyakati tofauti, alivyojaliwa, na akagundua baadaye. Kwa mtu anayekaa karibu, kwenye kiti chake, na sauti ya chini, amplifaya ile haikuombwa zaidi ya ilichoweza. Ikipata moto kidogo anaishika, anaiacha ipoe. Aliilinda kwa mkono wake. Kinyozi aliinamisha uso akawa anazichunguza sindano za kioo kwa muda mrefu kuliko sindano zinavyohitaji. Dada yake akampa leso yenye unga.

Ilibaki kusikia. Punguza akazima swichi ya ukutani, maana hapachiki waya za spika kwenye chombo kilichowashwa hata kama ni chake mwenyewe. Akafuata rangi ya kucha, nyekundu kwa nyekundu, akahakikisha hakuna uzi mmoja wa waya unaogusa jirani yake. Kinyozi akaenda mbio saluni kuleta mashine ya santuri. Mwoka mikate akaleta santuri kutoka kwenye gari, ambako alikuwa ameziweka ili azipeleke kusafishwa. Kitufe kwenye sifuri, kisha wakawasha, kisha kidogo, kidogo, mpaka mbili na nusu.

Muziki ukatoka, na ulikuwa safi, lakini mwepesi. Ndugu wale walikuwa wameshaanza kutabasamu. Punguza ndiye aliyekunja uso, hajui kwa nini. Bibi, aliyekuwa ameketi katikati ya spika mbili na kandambili amezivua, alikuwa ameweka nyayo kwenye vigae kama kawaida yake, maana muziki yeye huusikia kwa miguu.

"Mtawasha saa ngapi?" akauliza.

Hapo fundi akajipiga kofi la paji. Alipoirudisha koni ya besi ya spika moja baada ya kuibandika ukingo, alikuwa ameugeuza waya ndani ya sanduku. Koni ya huku ilisukuma wakati ya kule inavuta, zikafutana, besi ikapotelea hewani. Aliamini rangi ya kucha iliyo nje akasahau kuukagua mkono wake mwenyewe ndani. Akazima, akafungua, akageuza nyaya mbili, akafunga, uso unamwaka. Safari hii besi ikaja ikiwa laini na nzito, na vidole vya miguu ya bibi vikaanza kwenda juu na chini.

Ungefikiri hapo mambo yangekwisha. Hayakuisha. Kabla upande wa kwanza wa santuri haujamalizika, ndugu walikuwa wanabishana seti ikae wapi. Kinyozi alisema saluni, watu wengi wataisikia. Dada akasema saluni itaua kila kitu kabla ya mwezi, kwa sababu kinyozi hajui kusikiliza bila kuongeza. Kinyozi akasema afadhali yeye kuliko mtu aliyeunguza twita kwa kopo la biskuti. Punguza alimtupia mama mkwe jicho la kusema umeona ulichoanzisha. Bibi alikuwa amefumba macho.

Ila yalikuwa mabishano ya watu wanaotazamana, na Punguza aliona tofauti hiyo. Akaingia kati kama fundi. Saluni, alisema, inahitaji kelele, na kelele zina vyombo vyake: amplifaya ngumu ya kisasa, na spika mbili tu za omu nane, mbili, si nne, zilizopandishwa juu ukutani. Atamfungia mwenyewe. Kopo la biskuti libaki kwa mwoka mikate, jikoni, na vispika vidogo vya saizi yake. Hivi vya mzee vinataka sebule na mtu anayekaa chini. Kinyozi alijikuna kidevu. Sebule yake imejaa vitanda vya watoto. Ya dada ina nafasi. Mwisho akasema sawa, lakini kitufe atakishika yeye, naye dada akasema kitashikwa na mtu yeyote mradi kisipite tatu.

Wiki iliyofuata, siku ambayo saluni hufungwa, Punguza alialikwa pamoja na mumewe na bibi kwenda kusikiliza. Sebule ya mwoka mikate ilikuwa na zulia na viti vya kutosha, na spika zimewekwa mbali na kona kama fundi alivyoagiza. Juu ya amplifaya hapakuwa na kitu. Kinyozi alikuwa amefika mapema na wanawe wote, wamenyolewa mtindo mmoja. Punguza alikaa kitako, akajizuia kuinuka kukagua waya, akala keki.

Kisha ikaja hoja ya santuri gani ianze. Dada alitaka moja, kaka alitaka nyingine, kila mmoja akidai ndiyo aliyoipenda baba. Dereva wa lori la maji, ambaye hapendi ugomvi karibu na chakula, akapendekeza mkubwa kuliko wote achague. Rundo likawekwa magotini mwa bibi. Yeye alizipitia zote kwa makini, akiangalia picha, akachomoa moja yenye mwanamke mnene amevaa kofia na kanyoosha mikono angani, akasema huyu anaonekana ana furaha.

Kinyozi akaiweka, akazungusha kitufe taratibu. Ikaanza kinanda, halafu sauti ya mwanamume mwenye nidhamu ikamtaka kila msikilizaji asimame wima, visigino pamoja, ainue mikono na kuvuta pumzi. Ilikuwa santuri ya mazoezi ya viungo. Hakuna aliyejua kwa nini mpiga chapa aliinunua. Mwoka mikate alitaka kuibadilisha, lakini bibi alikuwa tayari ameshusha nyayo zake kwenye zulia, anatikisa kichwa kwa raha, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Wakatazamana. Dereva akaweka sahani yake chini, akasimama wima, visigino pamoja, akainua mikono. Watoto wa kinyozi wakafuata, kisha baba yao, kisha shangazi yao na unga wake, na mwishowe Punguza naye akapanga miguu. Walifanya upande wote wa kwanza, mpaka kuinama na kugusa vidole, wakati bibi akiwaangalia mmoja mmoja na kushangaa watu wa nyumba hii wanavyocheza vibaya.